Fani na Maudhui ya Majumba ya Michenzani

Tumezoea kuhakiki riwaya na tamthiliya. Makala haya yanahakiki jengo. Swali ni lile lile: je, fani inakubaliana na maudhui?

Majumba ya Michenzani, mjini Unguja, yalianza kujengwa 1970, enzi za Mzee Abeid Amani Karume, baada ya Hubert Scholz wa Ujerumani Mashariki kuichorea Ng'ambo ramani mpya mwaka 1968. Maudhui yako wazi: Mapinduzi ya 1964 yaliahidi makazi bora kwa wanyonge. Fani nayo inapiga kelele. Majumba kumi, mengine yenye urefu wa kama mita 300, yamejipanga msalaba kandokando ya barabara mbili. Si bure watu wakayaita treni! Dirisha ni lile lile, ngazi ni ile ile. Hakuna mlango wa nakshi unaomtangazia mpita njia kwamba humu anakaa tajiri. Usawa umeandikwa kwa saruji.

Hapo ndipo mgogoro unapoanza. Nyumba ya Ng'ambo ilikuwa na baraza mbele na ua nyuma: baraza ya wageni na mazungumzo, ua wa kupikia na wa faragha. Mtunzi wa Michenzani kavifuta vyote viwili. Kumpa mtu nyumba ni jambo moja. Kumpangia namna ya kuishi ni jingine, hasa kama nyumba yake ilibomolewa kupisha ghorofa.

Wapo wanaosema, ah, haya ni magogo ya kigeni tu, hayana Uswahili. Sikubaliani nao. Wanamsahau msomaji. Wakazi wameyasoma majumba haya kwa namna yao: chini pana maduka, na jioni watu wanakaa nje kupiga soga. Baraza iliyofutwa imerudi, imeandikwa pembeni mwa ukurasa. Msomaji kamsahihisha mtunzi.

Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Michenzani ikabaki nje ya mpaka. Hata jina Ng'ambo limetungwa na aliyesimama upande wa pili. Sisi wahakiki tusiendelee kusimama huko huko. Anayetaka kujua Mapinduzi yalikusudia nini, na yalikwama wapi, Michenzani ni matini ya lazima. Kuibeza bila kuisoma si uhakiki, ni kejeli tu.