Shabani Nonda: Je, Tuna Haki ya Kumsahau?

Jioni hapa Gasenyi, watoto wanapocheza mpira barabarani, kila mmoja hujipa jina la mchezaji. Huyu ni Mbappé, yule ni Ronaldo. Sijawahi kumsikia hata mmoja akijiita Nonda. Nilipowauliza, hawakumjua. Ndipo nikajiuliza: tungekuwa na ukumbi wa kuwaenzi wanasoka wa Burundi, Shabani Nonda angestahili kuwekwa humo?

Tuitazame kwanza kazi yake. Nonda alizaliwa Bujumbura mwaka 1977. Alichezea Vital'O, akaenda Yanga ya Dar es Salaam, kisha Afrika Kusini, Uswisi na Ufaransa. Msimu wa 2002/2003 aliifungia Monaco mabao 26, akawa mfungaji bora wa ligi kuu ya Ufaransa. Mwanzoni mwa msimu uliofuata aliumia goti vibaya, akakaa nje kwa miezi mingi. Aprili 2004, katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Chelsea, aliingia kutoka benchi, Monaco wakiwa wamebaki kumi uwanjani, akafunga bao la tatu katika ushindi wa 3-1. Monaco walifika fainali, wakafungwa na Porto 3-0.

Wanaompinga wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba kilele chake kilikuwa kifupi. Hapa nakubali kwa kiasi: baada ya goti lile, hakurudia tena msimu wa mabao 26. Hata hivyo, aliendelea kucheza Roma, Blackburn na Galatasaray, ambako alitwaa ubingwa wa Uturuki mwaka 2008. Mchezaji aliyekwisha hasajiliwi na timu kama hizo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: Nonda aliichezea timu ya taifa ya Kongo, si yetu. Hili linauma. Burundi ilipofika Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, mwaka 2019 nchini Misri, ilipoteza mechi zote tatu bila kufunga hata bao moja. Ni nani asiyetamani kwamba enzi zile mfungaji yule angevaa jezi yetu?

Lakini naona hoja hii inachanganya mambo mawili. Kombe hushindaniwa na mataifa. Kipaji hulelewa na mitaa, makocha na vilabu. Sifa za Nonda akiwa na jezi ya Kongo ni za Wakongo, na tusiwanyang'anye. Ila mguu wake ulijifunza mpira hapa, na klabu ya hapa ndiyo iliyomfungulia njia. Tukimfuta yeye, tunaifuta pia kazi ya waliomfundisha, nao hawakuchagua jezi yoyote.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja: tusidanganye. Chini ya picha yake paandikwe wazi: alizaliwa Bujumbura, akachezea Vital'O, akaichezea Kongo. Mtoto wa Gasenyi akisoma hayo atauliza kwa nini hakuichezea Burundi. Swali hilo litatusumbua sisi wakubwa, lakini afadhali alijue jina lake akauliza kuliko kutolijua kabisa.