Runinga Bapa kwenye Ukuta Usio Bapa: Uchambuzi wa Ufungaji katika Ukanda wa Dhahabu

Braketi ya kutundikia runinga imeundwa kwa kudhani kwamba ukuta ulio nyuma yake umenyooka na una uwezo wa kushika skrubu. Matundu manne yaliyo mgongoni mwa runinga hufuata kipimo cha VESA, yaani utaratibu wa kimataifa unaopanga umbali kati ya tundu na tundu, kwa mfano milimita 200 kwa 200 au 400 kwa 400, ili braketi ya mtengenezaji mmoja ikubali runinga ya mwingine; hata hivyo, utaratibu huo huishia kwenye braketi, na kilicho nyuma yake huachiwa fundi. Katika maeneo ya wachimbaji wadogo mkoani Geita, kama Nyarugusu na Rwamgasa, na vilevile Kakola mkoani Shinyanga, kilicho nyuma yake mara nyingi ni bati la migongo lililopigiliwa kwenye mirunda, kwa kuwa vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea mpira na filamu kwa kiingilio, hujengwa kwa vifaa vinavyoweza kung'olewa uchimbaji unapohama.

Enzi za runinga ya chogo suala hili halikuwa zito, maana runinga hiyo ilikaa juu ya meza. Runinga bapa ikitundikwa, pamoja na uzito unaovuta kwenda chini, huzuka nguvu ya pili inayozivuta skrubu za juu zitoke ukutani, na nguvu hiyo huongezeka kadiri runinga inavyosogezwa mbele. Runinga ya inchi 55 yenye kilo 16, ikifungwa kwa braketi ambayo skrubu zake za juu na za chini zimepishana sentimita 20, huzivuta skrubu za juu kwa nguvu ya takriban kilo 6 pale kitovu cha uzito kinapokuwa sentimita 8 kutoka ukutani. Umbali huo ukifika sentimita 40, mvuto hufika kilo 32. Kwa sababu hiyo braketi ya mkono unaokunjuka, inayopendwa kwa kuwa humwezesha mwenye kibanda kuigeuza runinga iwaelekee watazamaji wa pembeni, haifai katika kibanda cha bati, na hapa hapana nafasi ya kulegeza msimamo, kwani siku ya mechi ya Simba na Yanga wanaobanana mbele kabisa, chini ya runinga, ni watoto.

Bati lenyewe halistahili kubebeshwa chochote. Unene wake haufiki nusu milimita, hivyo skrubu haipati pa kung'ata, na fisha, yaani kipande cha plastiki kinachotanuka ndani ya tundu la tofali, haina kitu cha kutanukia. Tena sahani ya braketi hugusa vilele vya migongo peke yake, na kila fundi anapokaza, migongo hubonyea na runinga huinama. Mzigo hauna budi kupelekwa kwenye mirunda. Ikiwa bati limepigiliwa upande wa nje, mirunda huonekana kwa ndani, na mbao mbili za mbili kwa nne hulazwa juu yake kwa bolti zinazopenya mrunda mzima na kukazwa kwa washa pana. Ugumu ni kwamba mirunda ni ya mviringo, imepinda, na haisimami katika mstari mmoja. Fundi makini hufunga uzi kutoka mrunda wa kwanza hadi wa mwisho, hupima pengo katika kila mrunda, kisha huchonga kitako kwenye mrunda uliojitokeza na kuweka kipande cha mbao kwenye uliorudi nyuma, na pima maji huwekwa baada ya hapo, si kabla.

Machimboni kuna adui mwingine, nao ni mtikisiko wa makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, ambao hulegeza nati polepole. Nati yenye pete ya plastiki ndani huuhimili kuliko nati ya kawaida. La hatari zaidi ni umeme, kwa sababu waya uliochubuliwa na ukingo wa bati huweza kuufanya ukuta mzima kuwa na umeme, hivyo waya hupitishwa ndani ya bomba la plastiki na mabati huunganishwa na ethi.

Msonge wa Kisukuma huleta tatizo la aina nyingine. Ndani ya nyumba ya mviringo, kingo za runinga hugusa ukuta kabla ya katikati yake, na pengo la katikati hupatikana kwa kugawanya mraba wa upana wa runinga kwa nusukipenyo ya chumba iliyozidishwa mara nane. Katika chumba chenye kipenyo cha mita 6, runinga yenye upana wa sentimita 123 huacha pengo la sentimita 6 na ushee, ilhali sahani ya sentimita 40 huacha milimita 7 tu. Sahani hiyo ikikazwa bila kabari nyuma yake hujikunja. Kwa kuwa ukuta wa fito na udongo haushiki fisha, ufumbuzi ulio bora ni fremu ya mbao inayosimama sakafuni na kubeba uzito wote, huku sehemu ya juu ikizuiliwa kwa bolti mbili zinazopenya ukuta hadi kwenye ubao ulio nje. Miguu ya fremu hiyo huwekwa juu ya tofali la kuchoma na kupakwa oili chafu, kwa sababu mchwa hupanda kutoka kwenye sakafu ya udongo na kuila mbao kwa ndani, nayo ikabaki kuonekana nzima.