Muziki wa Kadiri ya Hadithi

Katika nyumba zetu za Temeke, ambamo ukuta mmoja hutenga familia mbili na dirisha halifungwi ila kwa mvua, mtu huisikia tamthilia ya jirani kila jioni pasipo kuiona, na kwa hiyo mkazi wa Tandika au Mbagala aweza kuwa hakimu wa muziki wa televisheni hata kama yeye mwenyewe hana televisheni. Macho yake hayana cha kumpotosha. Sikio lililobaki peke yake hubaini mara moja kama muziki ule ulitungwa kwa ajili ya hadithi ile au uliokotwa mahali ukabandikwa juu yake. Fani ninayotaka kuisifu hapa ni ya mtu asiyesifiwa sana, yaani mtunzi wa muziki mdogo wa mchezo mfupi.

Sijui mahali ambapo fani hii ilipata heshima yake kamili kuliko Marekani mwaka 1959, shirika la CBS lilipoanza kuonyesha The Twilight Zone, mfululizo ambao kila juma ulileta hadithi mpya, watu wapya na mji mpya, hata mtunzi hakuweza kubuni naghma moja akaitegemea msimu mzima. Miongoni mwa walioitwa alikuwamo Bernard Herrmann, mzaliwa wa New York wa mwaka 1911, ambaye alikuwa amekwisha kutunga muziki wa Citizen Kane wa Orson Welles na wa Vertigo wa Alfred Hitchcock. Mtu wa cheo hicho angaliweza kuidharau kazi ya dakika 25. Hakuidharau, kwa kuwa alilelewa na redio ya CBS tangu miaka ya 1930, na michezo ya redio humpa mtunzi sekunde chache tu baina ya neno na neno, ikamfundisha kusema jambo zima ndani ya pumzi moja.

Katika mchezo uitwao Walking Distance, ulioandikwa na Rod Serling na kuonyeshwa tarehe 30 Oktoba 1959, mtu wa miaka 36, aliyechoshwa na kazi ya matangazo ya biashara, anaacha gari lake kwenye kituo cha mafuta na kwenda kwa miguu hadi mji wa utoto wake, akaukuta vile vile kama alivyouacha: wazazi wake wahai, bembea za mzunguko zikizunguka, na yeye mwenyewe yungali mtoto. Mtunzi mwingine, madhali mambo ni ya ajabu, angalitafuta sauti za ajabu. Herrmann alichukua vyombo vya nyuzi na kinubi, basi. Hakuna tarumbeta, hakuna ngoma, na nyuzi zile hazishughuliki kabisa na muujiza, bali hushughulika na hamu ya mtu kurudi alikotoka, hamu ambayo hata asiyefahamu neno moja la Kiingereza huitambua. Baba anapomwambia mwanawe kwamba hana nafasi pale, muziki umekwisha kututayarisha kwa huzuni ile, tena bila ya kuitangaza. Huo ndio ustadi ninaoustahi: kumjulisha msikilizaji kabla hajaambiwa, kisha kumwachia nafasi ya kuhisi mwenyewe.

Mwaka 1963, kwa mchezo wa Living Doll, alipunguza vyombo vyake zaidi, akaitegemea klarineti ya besi pamoja na vinubi na selesta, na mwanasesere wa mtoto akawa kitu cha kuogofya. Fedha za televisheni zilikuwa haba, hilo halina shaka. Lakini yeye aliugeuza uhaba ukawa uamuzi, na msikilizaji hakumbuki hata mara moja kuuliza vyombo vingine viko wapi.

Wala elimu hii si ngeni pwani kwetu. Mwimbaji Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za kampuni ya HMV, hakufuatana na jeshi la wapigaji, bali na wenziwe wachache wa udi, fidla na ngoma, na upande mmoja wa santuri ulimpa takribani dakika tatu tu za kusimulia kisa chake. Na visa hivyo vilienea pwani nzima. Kidumbak cha Unguja nacho, kwa fidla moja, sanduku la besi lenye fimbo na uzi, na ngoma mbili ndogo, hutikisa harusi mpaka alfajiri.

Ndiyo maana husikitika ninaposikia michezo mingi inayopigwa picha Sinza na Kinondoni, ambayo hadithi zake ni za kweli na wachezaji wake wana vipaji, ikifunikwa tangu mwanzo hadi mwisho na kinanda cha umeme kinachojisingizia kuwa fidla 80. Silaumu kinanda, seuze mpigaji wake, ambaye aghalabu huitwa siku ya mwisho, picha zimekwisha kuhaririwa na fedha zimekwisha kuliwa, akaambiwa ajaze ukimya wote, kana kwamba ukimya ni dosari. Ugomvi wa mke na mume katika chumba cha kupanga hauhitaji ngurumo. Udi mmoja, ukipigwa baada ya mlango kufungwa na si kabla, watosha kabisa. Zeze la Wagogo lajua kulia kuliko mashine yoyote ya kuigiza kilio, na wapigaji wake wamo humu humu mjini. Basi watayarishaji wetu wampe mtunzi andiko la mchezo kabla ya siku ya kwanza ya kupiga picha, wamruhusu achague wapigaji watatu awatakao, na wamsikilize anaposema kwamba mahali fulani hapatakuwa na muziki.