Mkeka Hutazamwa Mgongo

Mkeka mzuri huchaguliwa kwa mgongo wake. Uso umepambwa ili upendeze, na kweli hupendeza: wekundu na zambarau vimekaa juu ya rangi ya jani kavu, na jicho la mnunuzi likishatua hapo haliondoki upesi. Anayeijua kazi hii huupindua kwanza. Nyuma ndiko msukaji alikounga mwaa mpya, yaani ukanda mwembamba wa jani, pale wa awali ulipokwisha, na ncha za maungio hayo ama zimekatwa zikalala, ama zimeachwa zikisimama. Nyuma ndiko mshono unakoonekana ukienda kwa hatua zilizolingana au ukirukaruka. Pitisha kiganja taratibu toka pembe moja hadi nyingine. Kisipokwaruzwa, umeshika kazi ya mtu aliyejali.

Nayasema haya kwa sababu kupamba nyumba kumekuwa kulinganisha rangi: zulia lifanane na pazia, pazia lifanane na mto wa kochi. Rangi ina haki yake. Lakini mkeka ambao ufundi wake haukutazamwa siku ya kununuliwa hauchukui muda kuanza kuachia kwenye mishono yake, na hapo wekundu wake hausaidii kitu.

Kazi huanzia porini. Mkindu hupenda maji, basi utaukuta mabondeni, kandokando ya mito na penye kinamasi, umeota vichaka vya mashina mengi. Hautoi majani yake kwa hiari: karibu na shina, makuti yana miba mirefu inayotoboa kidole. Kinachotafutwa ni kuti changa la katikati, lile ambalo bado limefumba, kwa kuwa likishafunuka na kupigwa na jua na upepo hukakamaa. Mvunaji mwenye busara huchukua kilele hapa, akaacha pale, kichaka kipate kupumua. Kuti huanikwa mpaka ukijani ulitoke na kubaki weupe wa pembe, kisha huchanwa vipande virefu vyembamba. Hapa pana jambo kubwa ambalo mnunuzi halioni: vipande vyote viwe vya upana mmoja. Mkeka ukipinda pembeni, watu humlaumu aliyeshona, ilhali mara nyingi kosa lilianza kwenye kuchana.

Rangi hutiwa kabla ya kusuka. Siku hizi ni rangi ya unga ya dukani. Maji huchemshwa, rangi ikakorogwa, ukindu ukatumbukizwa na kugeuzwageuzwa hadi ukolee. Zamani weusi ulitoka kwenye mizizi ya mdaa, manjano kwenye bizari, na wekundu wa hudhurungi kwenye magome ya mikoko. Rangi za unga zimeleta zambarau na waridi ambazo bibi zetu hawakuwa nazo, na sioni ubaya wake. Ninachokipenda zaidi, hata hivyo, ni ukindu ambao haukutiwa rangi kabisa. Huo huanza mweupe, na kadiri unavyokaliwa huelekea udhahabu, mpaka baada ya miaka michache nyumba nzima inapata joto kutoka sakafuni.

Kisha ndiyo kusuka. Mkeka haufumwi kwenye kitanda cha mfumi. Husukwa ukili, yaani utepe mrefu, mkononi, miyaa ikipishana mshazari, mmoja juu mmoja chini. Ukiruka miwili au mitatu kwa mpango, nakshi hutokea. Tufanye hesabu. Mkeka wa mita 2 kwa mita 1.5, wenye ukili wa upana wa sentimita 5, unahitaji vipande 30 vya ukili, kila kimoja mita 2. Hizo ni mita 60. Kwa kipimo cha wasukaji wenyewe, pima, ambayo ni mikono miwili ikinyooshwa, ni kama pima 33, zote zimepita kati ya vidole, mwaa kwa mwaa, kabla hata mkeka haujaanza kuwa mkeka. Na kazi hii kwa kawaida haipewi siku yake. Hufanywa alasiri barazani chungu kikiwa jikoni, mtoto akiwa mapajani, mazungumzo yakiendelea. Ukili hukua na kukunjwa duara ubavuni mwa msukaji, na macho yake yanaweza kuwa kwa jirani anayezungumza naye kwa muda mrefu bila vidole kukosea.

Kushona ni jambo jingine. Huko macho hayaendi kokote. Vipande vya ukili hulazwa ubavu kwa ubavu na kuunganishwa kwa shazia, sindano ya kushonea mikeka, na nakshi ya huu lazima ikutane na nakshi ya ule; ikikosa kwa unene wa kidole tu kwenye mshono wa kwanza, ukifika wa kumi mstari uliokusudiwa kunyooka umeshakuwa mlima. Uzi nao una tabia yake. Ukikazwa, mkeka hujikunja na kuvimba katikati. Ukilegezwa kupita kiasi, mwanga unapenya. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akitusimamia wajukuu tulipojaribu, na maneno yake yalikuwa hayo hayo: “Legeza, mjukuu wangu. Ukiuminya hivyo, mkeka utakataa kulala.” Mwishoni huja taraza, ukingo unaozungushwa pembe zote nne. Msukaji mvivu huonekana kwenye taraza, kwa sababu amefika hapo akiwa amechoka na anataka kumaliza.

Kuna kazi za sakafuni zilizotiwa sahihi. Pale London, katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, limetandazwa zulia la Ardabil kutoka Iran, lenye mafundo yapatayo milioni 26. Kwenye ncha yake moja limefumwa jina la Maqsud wa Kashan na mwaka wa Hijria 946, yaani 1539 au 1540. Ni kazi ya kuinamiwa, na ni haki kwamba jina limesalia. Mikeka yetu kwa kawaida haina sahihi, na wengi wameichukulia kuwa kazi isiyo na mwenyewe. Si kweli. Kaa na wasukaji wa mtaa mmoja uwaoneshe mkeka wa mwenzao: watamtambua kwa namna anavyogeuza kona ya taraza, au kwa namna anavyopenda kuuanza mstari mwekundu kutoka kushoto. Jina lipo. Limeandikwa kwa mkono ambao mnunuzi hajajifunza kuusoma.

Sasa tuingie nyumbani. Katika nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, upana wa chumba uliamuliwa na boriti ya mkoko, na boriti haikuweza kubeba dari pana zaidi ya kama mita 3. Ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba, na ndiyo maana mkeka ulivifaa vizuri: upana wake ni idadi ya kili tu. Ongeza mbili, punguza tatu, umetosha. Faida hiyo bado ipo, na wachache huitumia. Mtu anapima sebule yake, anakwenda dukani, anarudi na zulia la kiwandani ambalo kipimo chake kiliamuliwa na watu wasioijua nyumba yake, halafu anasukumasukuma makochi ili lienee. Mpelekee msukaji vipimo vyako. Mwambie mlango uko wapi na watu hukaa upande gani.

Acha sakafu ionekane pande zote, shubiri moja au mbili. Mkeka uliobanwa na kuta hupoteza umbo lake. Usiuwekee miguu ya kochi wala ya meza, kwani uzito wa mahali pamoja huvunja mwaa, na hakuna dawa. Mkeka unataka watu. Uweke pale ambapo mtu atavua viatu akae, watoto wajilaze wakiandika, mgeni akunjue miguu yake. Kama pazia na mito yako vina maua mengi, chukua mkeka wenye rangi moja tu juu ya ukindu mtupu. Kama ukuta ni mweupe na kochi halina nakshi, basi ruhusu zambarau, kijani na wekundu vicheze sakafuni. Dirishani penye jua kali weka usiotiwa rangi, maana jua hula rangi ya unga, lakini ukindu wenyewe huuzidishia udhahabu.

Kwa ukumbi wa watu wengi, au baraza la nje, ulizia jamvi. Hilo husukwa kwa miyaa ya mkoma, ni nene na gumu, wala halioni haya kukanyagwa. Mkeka wa plastiki nao una kazi yake: jikoni, uani, kwenye shughuli ambapo mchuzi utamwagika. Sebuleni siukubali. Wakati wa joto hunata mwilini, na ukichanika hakuna fundi wa kuushona. Zulia zito la manyoya katika nyumba ya Tanga au Mombasa hushika unyevu wa masika na vumbi la kiangazi pamoja. Ukindu hupitisha hewa. Ukilala juu yake mchana wa Februari utajua kwa mgongo wako ninachosema. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, na naona onyo hilo linaihusu sakafu kabisa.

Kuutunza ni kazi ndogo. Ufagie kila siku, maana mchanga ndio unaousaga. Ukilowa, usiukunje mpaka ukauke. Uviringe, usiukunje mara nne, kwa sababu pale penye mkunjo ndipo mwaa hukatika. Ukichakaa unashuka daraja kwa heshima: kutoka sebuleni kwenda chumbani, kutoka chumbani kwenda uani kuanikia mpunga, na huko Pemba, kuanikia karafuu.

Ila kabla ya kuushusha, utazame vizuri. Mara nyingi kilichokwisha ni taraza peke yake, kwa kuwa ukingo ndio unaokanyagwa na kuburutwa, huku kili za katikati zikiwa bado nzima. Mrudishie aliyeusuka. Atafumua ukingo wa zamani, atazungushia mpya, na mkeka utarudi sebuleni.