Pongezi kwa Wanaowalinda Wanaanga

Katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, moyo wa mtu ukisimama, mgonjwa na mwokoaji wote wanaelea. Ukimkandamiza kifua, msukumo huohuo unakurusha nyuma. Ndiyo maana wabunifu walitengeneza ubao wenye mikanda wa kumfungia mgonjwa, na mwokoaji hufundishwa kujigeuza miguu juu, aukanyage ukuta wa upande wa pili, kisha akandamize kwa nguvu za miguu.

Mwaka 2020 madaktari walieleza kisa cha mwanaanga aliyekutwa na damu iliyoganda kwenye mshipa wa shingo. Alijipima mwenyewe kwa altrasaundi, wataalamu walioko duniani wakimwelekeza. Dawa ya sindano iliyokuwepo ilitumiwa kwa hesabu mpaka chombo cha mizigo kikaleta vidonge. Alirudi nyumbani salama.

Hongera wabunifu, madaktari na wakufunzi! Mmevitengeneza vifaa vimfuate binadamu, hata asiye daktari, mwenye hofu na mikono inayotetemeka. Kinga ni bora kuliko tiba, nanyi mmeziandaa zote mbili. Kazi yenu inastahili heshima kubwa kama ya wanaorusha roketi.