Nyuni katika Ushairi: Kuteua Kitabu cha Ndege

Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anaonyesha wana wa nyuni, yaani makinda ya ndege, wamelala katika madaka ya majumba ya Pate yaliyokuwa yakipangwa visahani. Watahiniwa wengi huandika, "Hii ni ishara ya uharibifu," kisha hukoma hapo. Ajuaye tabia za ndege huona zaidi: makinda hawakui kwa siku moja. Nyumba imehamwa kitambo, wala hapana wa kuwafukuza.

Kamusi hazitutoshi, kwani mara nyingi husema tu "aina ya ndege". Tuteue basi kitabu kinachoeleza umbo, makazi, msimu na tabia. Field Guide to the Birds of East Africa cha Terry Stevenson na John Fanshawe (2002, toleo la pili 2020) hupanga michoro mkabala na maelezo na ramani. Udhaifu wake kwetu ni lugha: kimeandikwa kwa Kiingereza.

Mwanafunzi wa Kipungani, kisiwani Lamu, maji yakipwa anaweza kuona kando ya mikoko ndege mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene, akila kaa. Kitabu kitamsaidia kumtambua ndege huyo, ambaye hutaga katika mashimo ya mchanga pwani za Arabuni. Jina la Kiamu atawauliza wavuvi, aliandike pambizoni kwa penseli. Mwalimu asipomhimiza, jina hilo litapotea, na taswira za washairi wetu zitabaki "aina ya ndege".