Heko kwa Wapimaji wa Kuta za Kilwa

Ukuta wa matumbawe hauna mstari ulionyooka. Aliyewahi kusimama ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, chini ya kuba na matao yake, anajua kwamba futikamba haitoshi pale. Kwa hiyo nawapa heko wapimaji wa mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ulioanzishwa na Profesa Heinz Rüther, kwa kuyatengenezea magofu ya Kilwa Kisiwani pacha wa kidijitali, pamoja na yale ya kisiwa jirani cha Songo Mnara.

Kazi yenyewe inataka subira. Mashine ya leza husimamishwa juu ya miguu mitatu, hurusha mwali, hupima umbali hadi ukutani na kukusanya mamilioni ya nukta. Kisha huhamishwa, tena na tena, maana kila nguzo huficha kitu nyuma yake. Kwenye kompyuta vipimo vya vituo vyote huunganishwa kuwa umbo moja, ambalo msanifu hulikata popote atakapo akapata ramani ya sakafu au ya ukuta. Ukipima upya miaka ijayo na kulinganisha, utajua ukuta umeinama kiasi gani na ufa umepanuka wapi, kabla jicho halijagundua.

Huko huko Kilwa Kisiwani, Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14, liko ukingoni mwa genge juu ya Bahari ya Hindi. Mafundi wa chokaa wanaolikarabati wanastahili vipimo sahihi namna hii, na wanafunzi wetu wa usanifu majengo, Dar es Salaam na Nairobi, wafundishwe kuvichukua wenyewe.